Hundi mliileta, namba hamkuiuliza: barua ya wazi kwa wakuu wa DVLA

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa DVLA, wakala wa serikali ya Uingereza wa leseni za udereva na usajili wa magari, Swansea,
na kwa Waziri wa Uchukuzi, London.

Waheshimiwa,

Barua zenu hufika nyumbani kwangu kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiwelisi, na Kiwelisi sikijui hata salamu yake. Sijawahi kulalamika. Ofisi yenu iko Wales na wenyeji wana haki ya lugha yao. Leo nami naandika kwa lugha ya kwetu Tanga, nikiamini kwamba ofisi yenye watumishi maelfu haitakosa mtu wa kumtafuta mkalimani. Isitoshe, nimetaka barua hii isomwe kwanza na watu wetu walioko Leicester, Milton Keynes, Birmingham na London, maana yaliyomo yamempata mmoja wetu, na ninavyoona mambo yanavyokwenda, atafuata mwingine.

Mimi ni mjaza fomu. Mshahara wangu unatoka kwenye ghala, zamu ya usiku, lakini kila jamii ya wageni ina mtu ambaye bahasha za serikali za watu wote huishia mezani kwake, na huku kwetu mtu huyo ni mimi. Fomu zenu nazijua kwa namba kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake. V5C ndiyo kadi ya gari. V750 ni cheti cha aliyenunua namba ambayo bado haijavaliwa. V778 ni hati ya namba iliyovuliwa gari ikawekwa akiba. V317 ni ile ya karatasi ya kuhamisha namba kutoka gari moja kwenda jingine, kwa wasiopenda mtandao. Katika hizo zote, hakuna zinazonikosesha usingizi kama hizi za namba binafsi, yaani namba ya gari ambayo mtu hujichagulia na kuinunua.

Msomaji aliyeko Dar au Mombasa anivumilie kidogo. Kwetu namba ni ya gari, huzaliwa nalo na kufa nalo. Ndiyo maana Dar mtu akikwambia ana "namba D" au "namba E" unajua papo hapo gari lake limesajiliwa miaka ipi, na dalali naye anajua aanzie bei gani. Uingereza nako namba inataja umri. Tangu Septemba 2001 kuna tarakimu mbili katikati ya herufi: 24 ni gari lililosajiliwa kuanzia Machi 2024, 74 ni la kuanzia Septemba mwaka huohuo. Tofauti ni kwamba hapa namba inaweza kuvuliwa gari hili ikavalishwa lile. Masharti yapo. Gari liwe limesajiliwa DVLA, liwe la aina inayopaswa kupita MOT, yaani ukaguzi wa ubora wa gari, liweze kutembea kwa nguvu yake lenyewe, na kodi yake au tamko la kwamba halitumiki barabarani visiwe vimekatika. Na sharti ninalolipenda kuliko yote: namba isilifanye gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Gari likitaka kujizeesha, ruhusa. Kujifanya kijana, marufuku. Wapo watu ningependa sharti hilo liwahusu.

Sasa nije kwa Mzee.

Mzee alikuja nchi hii akiwa baharia, akaishia fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na mwaka 2009 alipostaafu alijinunulia zawadi moja tu: namba ya gari. Aliinunua kwenu wenyewe, paundi 399. Ilikuwa na herufi M mwanzoni, tarakimu moja, kisha herufi tatu zilizotoka kwenye jina la mama yake aliyezikwa Pangani. M hiyo ni ya magari ya Agosti 1994 hadi Julai 1995, kwa hiyo kila gari jipya alilonunua lilitoka dirishani kwa muuzaji likiwa limezeeka ghafla. Majirani wakimuuliza gari la 1994 linang'aaje hivyo, anawajibu, "Matunzo."

Namba hiyo ilivaa magari matatu. Ilianza na Toyota Corolla, ikahamia Toyota nyingine, na mwaka 2019 ikaenda kwenye Honda Jazz. Mara hiyo ya mwisho nilikuwepo. Tulikaa jikoni na kadi mbili za gari mezani, nikaingia mtandaoni, tukalipa paundi 80 zenu, namba ikatoka kwenye gari la zamani palepale, na gari lile likarudishiwa namba yake ya kuzaliwa. Kufika jioni namba ilikuwa ya Honda. Kilichobaki ni kazi ya mikono. Tulikwenda kwa mtengeneza vibao tukiwa na kadi na leseni, maana sheria inamtaka avione kabla ya kuchonga. Tukarudi na vibao viwili, cha njano cha nyuma na cheupe cha mbele. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Leicester, isiyolowesha wala isiyoacha. Mzee hakutaka bisibisi ya mtu mwingine iguse gari. Alifuta boneti kwa kanga kuukuu ya mkewe, akabandika gundi ya pande mbili, akasema Bismillah, akakikandamiza kibao kwa viganja vyote viwili na kukaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Kisha ndipo akaipigia simu bima kuwaambia namba imebadilika. Kodi na historia ya MOT vilijifuata vyenyewe kwenye kompyuta zenu. Hapo nawapa heko, na sitanii. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya wiki kadhaa na bahasha tatu, sasa ni chai moja.

Novemba 2023 gari la mizigo liliingia kwenye kiplefti bila kumwona Mzee. Akavunjika nyonga. Honda ilipondeka ubavu wa dereva.

Mzee akiwa wodini, kampuni yake ya bima, ambayo sitaitaja, ilimpigia simu mkewe. Huyu sote tunamwita Mama Mkubwa. Kiingereza chake ni cha sokoni na hospitali, kinamtosha. Walimwambia gari halifai kutengenezwa, watalipa thamani yake, watalifuata wenyewe kule lilikovutwa, yeye atume kadi tu. Akauliza kama kuna kingine anachotakiwa kufanya. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, watashughulikia. Siku ya tisa pesa ziliingia benki. Mama Mkubwa alishukuru, na mimi nilipoambiwa nilishukuru pia. Hapo najilaumu. Mjaza fomu mzima, na neno "namba" halikunijia kichwani, kwa sababu kichwani kulikuwa na nyonga ya Mzee.

Miezi minne baadaye Mzee alifariki. Baada ya arobaini mwanawe wa kwanza alikuja kwangu na kadi ya gari lake, akataka namba ya bibi yake ihamie kwake. Nikafungua kompyuta. Dakika tano zilitosha kujua kwamba hakuna cha kuhamisha. Kadi ilipokwenda kwa bima, namba ilikwenda nayo, kama kuku aliyeuzwa na mayai tumboni.

Sheria yenu siipingi, naijua. Mwongozo wenu unasema wazi kwamba mwenye gari aivue namba kabla ya kuuza gari, kabla ya kulipeleka skrepa, na kabla ya kuikabidhi bima kadi. Asipofanya hivyo haki yake imekwisha. Onyo lipo. Ila hebu tazameni lipo wapi. Lipo kwenye ukurasa ambao mtu huufikia akiwa anajua anachokitafuta, ametulia, hana mgonjwa. Ajali haiji na ukurasa. Na hata angeufika, angekutana na lile sharti la gari kuweza kutembea kwa nguvu yake lenyewe, akatazama picha ya Honda iliyopondeka, akafunga kompyuta. Ukurasa mmoja unamwambia aivue namba ya gari lililokufa, mwingine unataka gari liwe linatembea. Mimi nimezizoea kauli zenu na bado nilisoma mara tatu.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki chache baada ya ajali, Mzee akiwa bado hai, ilikuja bahasha kutoka Swansea. Ndani yake hundi. Gari likitangazwa kwenu kuwa limekufa, miezi mizima iliyobaki ya kodi mnairudisha bila kuombwa, kwa jina na anwani ya aliyekuwa kwenye kadi. Ilikuwa paundi sitini na kitu. Mama Mkubwa alimpelekea Mzee wodini, wakacheka, Mzee akasema serikali ya Uingereza ni muungwana.

Kwa hiyo mlijua gari limekufa. Mlijua lilikuwa la nani na anaishi wapi. Mlijua pia kwamba ile namba si ya kuzaliwa nayo, kwa kuwa ninyi ndio mliomuuzia, na kumbukumbu zenu zinaonyesha ilivyovuliwa na kuvalishwa mara zote. Mkatafuta stempu, mkatia hundi kwenye bahasha. Kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu: gari hili lilikuwa na namba binafsi, je, mwataka kuiweka akiba? Mstari huo, kwa Kiingereza na hata kwa Kiwelisi, ungeletwa mezani kwangu siku ileile.

Najua jibu litakalokuja, nimeshalisikia kwa simu. Namba si mali ya mtu. Ni ya Serikali, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa masharti, na haki hiyo yaweza kuondolewa. Sawa. Kwa magari ya kawaida jibu hilo limenyooka: tangu vibao vilipoanza kulazimishwa Januari 1904, namba ni kitambulisho cha gari kwa ajili ya polisi na mtoza kodi. Lakini mwaka 1989 ninyi wenyewe mlifungua duka. Tangu hapo mmeuza namba kwa bei ya kuanzia paundi 250 na mmezipiga mnada mbele ya kamera. Mwaka 2014 namba 25 O ilinunuliwa kwa paundi 518,000, pamoja na ada zake. Hakuna anayelipa pesa hizo kwa ajili ya kitambulisho cha polisi. Mnaponadi, namba ni jina la mtu, ni kumbukumbu, ni zawadi ya kustaafu. Ikipotea, inageuka namba ya gari tu. Mfanyabiashara wa Kariakoo akifanya hivyo tunamwita kwa jina ambalo mkalimani wenu nitamsamehe asipolitafsiri.

Binamu zangu walioko Muscat na Dubai wananicheka. Kule mchezo wa namba umevuka mipaka. Aprili 2023 namba P 7 ilinadiwa Dubai kwa dirhamu milioni 55, kwa ajili ya mfuko wa kulisha wenye njaa. Ila kule kila mtu, hadi mtoto, anajua kwamba namba ni kitu kimoja na gari ni kitu kingine. Watu wetu huku wametoka kwenye nchi ambazo namba na gari ni mwili mmoja. Hawaulizi, kwa sababu hawajui kama kuna swali.

Nimalizie habari ya namba yenyewe. Honda ile haikusagwa. Bima iliiweka kundi S, maana yake mifupa imeumia lakini inaweza kutengenezwa ikarudi barabarani. Ingekuwa kundi A au B isingerudi kamwe. Ikauzwa na mabaki mengine, ikanunuliwa, na aliyenunua akawa ndiye mwenye kadi. Huyo alijua kusoma namba. Akaivua. Mwaka jana mpwa wake Mzee, akizungukazunguka kwenye simu, aliikuta ikiuzwa na dalali wa namba: herufi tatu za bibi wa Pangani, paundi 2,450, pamoja na maelezo kwamba ni namba adimu, inafaa kwa zawadi. Sina neno na aliyenunua wala na dalali. Wamefuata sheria. Aliyeifuata sheria nusu kwa kutokujua ndiye aliyepoteza.

Ombi langu kwenu, Mkurugenzi, si kubwa. Kompyuta yenu ikipokea taarifa kwamba gari limefutwa na bima, na gari hilo lilivalishwa namba kwa V750 au V778, namba ishikiliwe siku 28 isiende popote, na barua iende kwa yule ambaye hundi ya kodi huenda kwake. Asipojibu, basi, mambo yaendelee kama sasa. Siombi hivyo kwa anayeuza gari lake mwenyewe kwa mtu mwingine. Huyo ameuza kwa mdomo wake akiwa amesimama, na mnunuzi naye huenda alilipia namba. Naomba kwa ajili ya ajali tu, na kwa ajili ya mauti, pale ambapo mwenye kujua amelala na anayeshika simu hajui. Na lile sharti la gari kujitembeza lifutwe kwa magari yaliyofutwa na bima, au liandikwe kwa namna ambayo mtu mwenye usingizi ataielewa.

Kwako Mheshimiwa Waziri, bima ndiyo inayozungumza na mgonjwa kabla ya DVLA. Katika simu ile ya kwanza huuliza mambo mengi: rangi ya taa, upande wa mvua, dereva alivaa miwani. Iwe lazima waulize na hili: namba ya gari hili ni binafsi? Ni sekunde nne. Kwa wale wenye mikono migumu, wekeni faini. Mtu aliyeachanisha herufi za kibao chake ili zisomeke jina mnamtoza hadi paundi 1,000, na huyo hajamwibia mtu kitu.

Kuhusu paundi 80 sina ugomvi mkubwa. Ni nyingi kwa kazi ambayo kompyuta inaifanya mwenye gari akikoroga chai, lakini angalau mwaka 2015 mliifanya hati ya akiba idumu miaka 10 na kuongezewa muda bure, na hilo limeokoa wengi. Ninazo V778 kumi na moja za watu mbalimbali kwenye bahasha moja, kila moja nimeandika tarehe yake ya kuisha kwa wino mwekundu, kwa sababu ikipita siku hiyo haki imepotea moja kwa moja na hamna huruma.

Kwa watu wetu, kabla DVLA haijajibu: leo hii, kabla hujalala, mwambie mkeo au mumeo au mwanao kwamba namba ya gari lako ni binafsi, na kwamba gari likigongwa kadi isitoke nyumbani mpaka namba ivuliwe. Mwenye kuogopa kompyuta aje kwangu. Si lazima alete kitu. Wengine huleta maandazi.

Mama Mkubwa hajui kwamba ninaandika barua hii. Namba ile hataki inunuliwe tena. Mwanawe alitaka kukopa, akamkataza. Anavyo vibao vya Corolla, vya mwaka 2009, cha njano kimepasuka kona. Vimesimama nyuma ya kabati la vyombo. Mjukuu wake aliniuliza kama ni kosa kuvitundika ukutani chumbani kwake. Nilimwambia sheria inahusu barabara tu, nikamtafutia misumari.

Wenu,
Mjaza fomu, Leicester